Swali la Dada Skola kwenye Sengu ya Babu

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu yeyote, dada Skola alikuwa anachukua redio ya babu dirishani, anazungusha kitufe mpaka stesheni inapotea, halafu anakaa kwenye kiti cha babu kusikiliza mkwaruzo mtupu. Shshshsh. Macho amefumba. Anasikiliza mpaka uji wangu jikoni uanze kutoa povu, ndipo anairudisha redio dirishani na kwenda kunawa uso, kama mtu aliyetoka kusali.

Shida ni kwamba stesheni alikuwa hairudishi. Babu Kiliani hupenda matangazo ya vifo ya asubuhi, ajue nani katangulia. Anawasha, anakutana na shshshsh. Au mbaya zaidi, anakutana na vijana wanaimba mapenzi.

"Redio hii inahama usiku!" anafoka.

"Ni betri za siku hizi, babu," Skola anajibu, na uso wake hauna hata doa.

Siku moja nilimuuliza anasikiliza nini. Akaniambia ndani ya ule mkwaruzo kuna mabaki ya joto la mwanzo kabisa wa ulimwengu, bado yanazunguka hewani.

"Ni kidogo sana," akasema. "Kama chumvi ya kidole kimoja kwenye sufuria la harusi. Ila imo."

"Na mkwaruzo mwingine wote?"

"Kelele tu. Radi, mitambo ya watu, na pikipiki ya Valence."

Skola, kwa ubatizo Scolastika, ni mtoto wa baba mdogo Joakim na mama mdogo Lidia. Valence ni kaka yake. Mimi ni mtoto wa Bernadi, kaka mkubwa wa baba mdogo. Wote tunakaa kwenye kiwanja cha babu, Namswea, kando ya msitu wa milingoti, ile mikaratusi mirefu ya babu. Shule mimi niliiacha mapema, kwa hiyo haya ya ulimwengu nimeyapata kwa kuchambua maharage karibu na mtu anayeongea.

Wanasema Skola alianza zamani. Akiwa darasa la mafundisho ya komunyo alimuuliza katekista: kama mwanga uliumbwa siku ya kwanza na jua likaumbwa siku ya nne, ule mwanga wa siku ya kwanza ulitoka wapi? Alipewa adhabu ya kupalilia kahawa ya parokia. Alipalilia mpaka ikaisha, na mpaka leo anasema swali lilikuwa zuri.

Alipotoka chuo kikuu cha Dar es Salaam na shahada yake ya fizikia, watu walikuja kuuliza amesomea nini. Kila mtu alipewa jibu lake. Bibi wa jirani aliambiwa, "Nasomea vitu vidogo kuliko vyote, bibi. Vidogo kuliko vumbi la vumbi." Bibi akamshika mkono kwa huruma. "Miaka yote hiyo mwanangu, hawajakupa hata kimoja kikubwa?" Mwenyekiti wa kitongoji aliambiwa, "Nasomea kitu kikubwa kuliko vyote." Mwenyekiti akatazama nyuma kwanza, akanong'ona, "Siasa?"

Basi msimu ule wa kulima maharage Skola alikuwa na mambo mawili shingoni. La kwanza, chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini kilimpa nafasi ya kuendelea na masomo hayo hayo ya chembe na ulimwengu, na kila kitu wanagharamia wao. Ila asipofika kabla chuo hakijafunguliwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. La pili lilikuwa la babu. Babu alisimama nje ya kanisa baada ya misa, mbele za watu, akamwambia mkuu wa sekondari mpya ya ng'ambo ya bonde, "Fizikia usihangaike nayo. Utamchukua kwangu mwalimu." Watu wakapiga makofi. Skola hakuulizwa. Alikuwa amesimama hapo hapo, kamshikia babu mwavuli.

Mtu atasema si angepanda basi tu, akaondoka. Basi la Mbinga linapita kila asubuhi na mlango wake haumuulizi mtu kama kaaga. Lakini kwetu mtu akiondoka bila sengu kumtoa, ameondoka kweli. Akirudi hachinjiwi kuku, na jina lake halitajwi watu wakila. Skola alitaka kwenda, na alitaka kutajwa. Baba yake hakumsaidia. Baba mdogo Joakim ukimuuliza lolote, hata kama mvua itanyesha, anasema, "Muulizeni baba."

Sengu ni wanaume wa ukoo kula pamoja kwa mkubwa wao na kukata mambo ya ukoo. Kwingi imekufa. Kwa babu haijafa kwa sababu babu hajafa. Sasa hivi ni Jumapili tu, kila nyumba inapeleka sahani yake, na sheria za babu ni ngumu kuliko za wilaya. Jambo linaingizwa kabla ya kunawa mikono. Yeyote wa ukoo anaweza kuliingiza, hata mwanamke, ingawa sikuwahi kuona mwanamke akifanya hivyo; sisi kazi yetu ni jagi na beseni. Na jambo likishaingia, hakuna lingine linaloingia mpaka la kwanza litoke na jibu lake. Sheria hii ya mwisho babu aliitunga kwa ajili ya baba yangu, ambaye akishindwa jambo moja huanzisha lingine.

Wiki ile tulikuwa shambani tunatengeneza ngolo. Wanaume walishakata majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, kama wavu uliotandikwa mlimani. Sisi tulikuwa tunachimba udongo katikati ya kila chumba na kuyafunika yale majani, mlima wote ubaki matuta na mashimo. Skola alichimba mashimo mawili matatu, kisha akapanda juu kabisa, akasimama na jembe begani, anatazama chini.

"Umechoka?" mama mdogo Lidia akamuuliza.

"Hapana mama. Naangalia ulimwengu."

"Uangalie na jembe likiwa chini."

"Kweli vile, mama. Ukiuona ulimwengu kwa mbali sana uko hivi hivi. Nyota zote zimejipanga kwenye matuta. Katikati ni mashimo matupu, makubwa, hamna kitu."

"Na maharage wanapanda wapi?"

"Maharage ndiyo sisi."

Wanawake wakacheka mpaka majembe yakaegemezwa. Skola akashuka, akafukua tuta moja kwa vidole, akatuonyesha majani yaliyolala ndani.

"Mtu akipita barabarani anaona tuta. Majani haoni. Lakini tuta limefuata majani, si ndiyo? Huko juu pia kuna kitu kimezikwa. Hatukioni, hakitoi mwanga, lakini nyota zote zimekifuata. Hayo majani ndiyo nataka kwenda kuyasoma."

"Na nani aliyalaza?" mama mdogo akauliza.

Skola akabaki kashika jani moja, analigeuzageuza. "Funika tuta langu," mama yake akamwambia, "maswali hayaoti."

Jumamosi akapanda mjomba Meshack kutoka Liuli, huko ziwani, kaka yake mama mdogo, na furushi la usipa wakavu, dagaa wa ziwa, lililonukia kuanzia barabarani. Mjomba Meshack na baba yangu hawajawahi kusalimiana kwa adabu.

"Shemeji, bado mnaishi kwenye mashimo?"

"Tunaishi, shemeji. Nyie bado mnasubiri samaki wawalimie?"

Mimi nilimuona Skola anamvuta mjomba nyuma ya nyumba, wakanong'ona, na mjomba akacheka huku kaziba mdomo na kofia. Nikajua sengu ya Jumapili haitapita bure.

Jumapili ikafika. Wanaume wakakaa: babu, baba yangu, baba mdogo Joakim, mjomba kama mgeni, na Valence ambaye alikuwa ametoka Mbinga mjini na bodaboda yake kwa ajili ya ugali tu. Sisi tulikuwa jikoni, na ukuta wa jiko letu hauzuii neno. Baba yangu alikuwa na jambo la sekondari tayari mdomoni. Alishakohoa kabisa. Lakini kabla hajaanza, Skola akaingia na jagi na beseni, akapiga magoti mbele ya babu.

"Babu, kabla sijamwaga maji, nina swali. Naomba liingie sengu."

Babu akacheka. Siku hiyo misa ilikuwa fupi, moyo wake ulikuwa mweupe. "Mmesikia? Mwenye shahada ana swali! Liingie!"

"Baba, tungelisikia kwanza..." baba yangu akasema.

"Bernadi, nimesema liingie."

Skola akamnawisha babu. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, taratibu, akahakikisha hakuna kidole kilichobaki kikavu. Ndipo akauliza, "Kwa nini usiku ni giza?"

Kicheko kilichotoka humo ndani kiliamsha mbwa.

"Kwa sababu jua limezama!" baba yangu akapiga paja. "Jamani! Miaka yote Dar es Salaam kwa hili? Jibu limetoka. Sasa tuingize la..."

"Baba mkubwa," Skola akasema, "jua si nyota moja tu? Hizo nyingine nyingi mbona haziwaki?"

"Ziko mbali."

"Ziko mbali, ila ni nyingi. Baba mkubwa, ukisimama katikati ya milingoti ya babu, ukitazama mbele unaona nini?"

"Mlingoti."

"Ukichungulia kwenye upenyo, kati ya mlingoti na mlingoti?"

"Mlingoti wa nyuma yake."

"Na upenyo wa huo?"

Baba akamega tonge. Valence akajibu kwa niaba yake, mdomo umejaa, "Mlingoti mwingine."

"Basi kama nyota haziishi," Skola akasema, "kila upenyo wa mbinguni ungekuwa na nyota nyuma yake. Usiku wote ungewaka. Sasa giza linatoka wapi?"

Nilichungulia. Babu alikuwa ameshika tonge hewani, mchuzi unamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Mjomba Meshack akakohoa. "Mimi nina jibu la ziwani. Giza limewekwa kwa ajili ya usipa. Bila giza hawafuati taa ya mvuvi, na bila usipa nyie wa mlimani mngekula ugali kwa kuuangalia."

"Hiyo ni faida ya giza," babu akasema. "Sababu yake hujaisema."

"Joakim, wewe?" baba yangu akamgeukia mdogo wake kwa hasira.

"Muulizeni baba," akasema baba mdogo.

Walikula mpaka wakamaliza, wakabishana mpaka ng'ombe wakarudi. Baba yangu alijaribu tena kuingiza jambo la sekondari, babu akamkatalia: la Skola limo ndani, likitoka ndipo la sekondari liingie. Hapo ndipo nilipomuona baba yangu ameelewa swali lile liliingia kuzuia nini. Alimtazama Skola, Skola akakusanya sahani.

Wiki iliyofuata babu hakuwa mtu wa kawaida. Jumatano nilikwenda kuokota kuni, nikamkuta katikati ya milingoti peke yake, anazunguka pale pale alipo, shingo ameinyoosha kama kuku anayetafuta mwewe. Kofia ilishaanguka na alikuwa ameikanyaga. Sikumsemesha. Jioni mapema alimuita Skola uani.

"Nimeona upenyo usio na mti."

"Upande gani, babu?"

"Upande wa barabara."

"Hapo si msitu umeisha?"

Babu akaikung'uta kofia yake. "Kumbe," akasema. "Basi nyota nazo zinaisha."

"Au zilianza, babu. Chukua msiba. Taarifa ikitoka leo, wa Namswea wanafika leo. Wa Mbinga jioni. Wa Songea kesho, wa Dar keshokutwa. Ukihesabu watu siku ya kwanza utasema marehemu hakuwa na ndugu. Kumbe wako njiani. Mwanga nao unasafiri. Kama ulimwengu una mwanzo, mwanga wa nyota za mbali haujafika. Lile giza ni wageni walioko njiani. Na ulimwengu wenyewe unatanuka, barabara inazidi kurefuka, wengine hawatafika kabisa."

"Hata chakula kikibaki?"

"Hata kikibaki."

Babu alicheka peke yake kwa hilo mpaka akaingia ndani. Tatizo ni kwamba baba yangu naye alikuwa nyuma ya banda la kuku, anasikia.

Jumapili ya pili baba alitangulia kukaa. Kabla ya kunawa aliomba nafasi ya kusema, na watu walipoanza kula akasema, "Baba, lile swali limejibiwa. Usiku ni giza kwa sababu ulimwengu una mwanzo, na hilo kila aliyebatizwa analijua tangu utotoni. Hapo mwanzo! Skola mwenyewe ndiye kalitamka, nimemsikia. Litoke. Na la sekondari liingie, mkuu wa shule anamsubiri mwalimu kesho."

Jikoni mama mdogo Lidia akaacha kupakua. Skola alikuwa amekaa mlangoni mwa sengu, mahali anapokaa mwenye jambo, na jagi mapajani. Hata mjomba Meshack, ambaye hakurudi Liuli wiki nzima kwa ajili ya kuona mwisho, alitazama sahani yake. Baba yangu kwa mara moja alikuwa amesema kweli. Nilimhurumia Skola, na kidogo, kwa siri, nikajivunia baba.

"Ni kweli," babu akasema. "Jibu ni hilo." Akanyanyua mkono kulitoa. Mkono ukabaki juu. "Ila Skola. Siku ya kwanza ya msiba, kabla hajafika mtu. Nani aliyepeleka taarifa?"

"Babu?"

"Na huko shambani nasikia uliwaambia wanawake kuna majani yamezikwa chini ya nyota. Nani aliyalaza? Ni majani gani?"

"Sijui, babu."

"Dar hawakukufundisha?"

"Hata Dar hawajui. Hakuna anayejua duniani. Wanatafuta."

"Wanatafutia wapi?"

Skola akasogeza jagi kidogo. "Sehemu nyingi. Mojawapo ni huko nilikoitwa."

Mjomba Meshack akacheka kupitia puani, usipa ukampalia.

Babu akafuta vidole, akamtazama mjukuu wake. Sheria nyingine ya sengu kila mtu pale ndani aliijua, maana mwaka wa ugomvi wa mpaka wa shamba ilitumika: jambo likiwa na shahidi wa mbali, sengu inatuma mtu akamfuate, na aliyetumwa hazuiwi na yeyote mpaka arudi na neno.

"Wewe mtoto," babu akasema, "umenifunga kwa kamba yangu mwenyewe."

"Kamba ni yako, babu. Mimi nimeshika ncha tu."

"Swali halitoki. Halijaisha. Na siwezi kukaa na jambo lisilo na mtu wa kulifuata. Skola, sengu inakutuma."

Baba yangu akasimama. "Na neno lako kwa mkuu wa shule? Mbele ya kanisa zima?"

"Nilisema atachukua mwalimu kwangu," babu akasema, na akageuka taratibu. "Valence, wewe si una stashahada ya ualimu? Fizikia na hisabati?"

Valence, ambaye alikuwa amecheka kuliko wote kwa Jumapili mbili, alimeza tonge zima. Tangu amalize chuo cha ualimu alikuwa anasubiri ajira juu ya pikipiki. "Babu, mimi... nina bodaboda."

"Vizuri. Hutachelewa kipindi."

Baba yangu alimgeukia baba mdogo Joakim kutafuta mtu wa upande wake. Baba mdogo alikuwa anamtazama binti yake, machozi yamemjaa. "Mwacheni aende," akasema. Watu wote wakageuka. Akaona aibu, akaongeza haraka, "Kama baba anavyosema."

Swali lile halijatoka sengu mpaka leo, na babu amejua kulitumia. Likija jambo asilolitaka, la mchango au la mtu kutaka kipande cha shamba, anakunja mikono: "La Skola bado limo ndani. Tumsubiri mjumbe." Baba yangu husaga meno. Valence anafundisha, na wanafunzi wanasema anaingia darasani na helmeti.

Siku ya kuondoka Skola aliamka akafanya kama kawaida. Akachukua redio dirishani, akaipoteza stesheni, akasikiliza. Uji wangu ulitoa povu, ukamwagika, na yeye bado amefumba macho. Kisha akaiweka redio kwenye kiti cha babu ikiwa inakwaruza, akampigia babu magoti, "Shikamoo babu." Babu akamshika kichwa kwa mikono miwili. Skola akajitwika begi, akashuka kati ya matuta ya ngolo ambayo maharage yake yalikuwa yameanza kuchomoza.

Alishafika kwenye milingoti mama mdogo Lidia alipotoka mbio jikoni na furushi mkononi. "Skola! Usipa wa mjomba wako! Umesahau!"

Kwetu msafiri akirudia njia kwa kitu alichosahau, ameiua safari. Skola alinyanyua mkono bila kugeuka. Nyuma yangu redio iliendelea, shshshsh, na babu alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe, tayari kutafuta vifo vyake, ila hakukizungusha. "Kiache," akasema; nilidhani anamwambia mtu, lakini alikuwa anajisemea mwenyewe. Skola akapita mlingoti mmoja, akapita mwingine, akaonekana kidogo kwenye ule upenyo wa upande wa barabara. Hakurudi kwa furushi.